Nyumba tatu kabla ya harambee: jinsi klabu yetu ilivyompokea mwanafunzi wa mabadilishano

Klabu ya Rotari, chama cha kimataifa cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii, ikiamua kupokea mwanafunzi kutoka nje, jambo la kwanza kusikika mezani ni harambee. Nilipokabidhiwa kazi hii katika klabu yetu hapa Tanzania niliupindua utaratibu huo: nyumba kwanza, shule ya pili, kibali cha ukaazi cha tatu, fedha mwisho. Fedha za kumtunza kijana mmoja hupatikana kwa usiku mmoja wa chakula cha hisani. Nyumba za kumlaza hazipatikani kwa tangazo la WhatsApp.

Mpango wenyewe ni wa vijana wa miaka 15 hadi 19 wanaokaa nchi ya watu mwaka mzima wa masomo. Mzazi anayemtuma mwanawe hulipa tiketi ya kwenda na kurudi, bima na viza. Klabu mwenyeji hutafuta familia, hulipa ada ya shule na kutoa posho ya kila mwezi. Familia hailipwi hata senti. Inatoa kitanda, chakula na malezi. Klabu haiwezi kujifanyia peke yake, kwa kuwa wilaya ya Rotari (yaani kundi la klabu za eneo moja, si ile ya mkuu wa wilaya) lazima iwe imeidhinishwa na makao makuu ya Evanston, Illinois. Na ni kubadilishana kwelikweli: ukituma mmoja, unapokea mmoja. Hapo ndipo pagumu. Kumpeleka binti yake Ujerumani au Brazil kila mwanachama yuko tayari. Wa kumpokea Mjerumani au Mbrazili unawahesabu kwa vidole.

Kanuni inataka zaidi ya familia moja. Sisi tuliweka tatu, kila moja miezi mitatu hadi minne, na ya nne ya akiba. Hiyo ya akiba nayo ikaguliwe mpaka mwisho kama zile nyingine, kwa sababu barua ya uhamisho wa baba mwenye nyumba au msiba haungojei wewe umalize kujaza fomu.

Ukaguzi ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko yote, karibu miezi minne. Kila familia inajaza fomu, inahojiwa, inataja wadhamini ambao unawapigia kweli, na inatembelewa mara mbili kwa uchache: mara moja kwa taarifa, mara moja bila taarifa. Kila mtu mzima anayelala pale anatakiwa cheti cha polisi cha tabia njema, kile cha alama za vidole. Fomu hii ilitungwa na watu ambao nyumba kwao ni baba, mama na watoto wawili. Nyumba zetu haziko hivyo. Kuna dada wa kazi, kuna kijana wa bustani anayelala chumba cha uani, kuna shemeji aliyekuja kutafuta kazi Januari na mpaka Juni bado anatafuta. Wote hao ni wakazi. Ukiuliza “nyumbani mko wangapi?” utajibiwa watano. Uliza “jana usiku wamelala wangapi, na nani alilala wapi?” Watakuwa wanane. Tangu nilipoanza kuuliza hivyo, fomu hazikurudishwa tena kusahihishwa.

Kitanda kiwe cha mgeni peke yake. Chumba anaweza kushiriki na mtoto wa nyumba wa jinsia yake na wa umri unaokaribiana. Mlango wa choo na bafu uwe na komeo linalofunga. Nimekuta nyumba nzuri sana ambayo komeo lilikuwa msumari uliopindwa, likabadilishwa siku hiyohiyo kwa elfu chache.

Sasa, nyumba hizo tulizipata wapi? Kwenye mikutano ya kila wiki, ile ambayo watu wa nje huiona ni ulaji tu. Mikutano yetu ilikuwa chakula cha mchana hotelini, na gharama ya sahani ilikuwa inawafukuza wanachama vijana kimyakimya. Tangu 2016 kanuni zinaruhusu klabu kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi, kwa hiyo tukabaki na mkutano mmoja hotelini na mwingine tukauhamishia majumbani kwa zamu, chai na mihogo. Sajenti wa mkutano akaendelea kutoza faini zake kama kawaida: aliyechelewa, aliyesahau pini, aliyenunua gari na kunyamaza. Mimi nilikuwa naangalia mambo mengine. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Shule iko umbali gani? Na zaidi ya yote, je, mama mwenye nyumba anaujua mpango huu? Mwanamume akikubali hotelini, hiyo bado si ndiyo. Mwenye nyumba ni yule anayejua chumvi imebaki kiasi gani, na bila yeye kukubali kwa kinywa chake sikuandika jina.

Shule ina mtego wake. Mwanafunzi wa nchi za kaskazini mwa dunia huja Agosti, na kidato cha tano kwetu hufunguliwa Julai, kwa hiyo anaingia mwanzoni mwa muhula na Kiingereza cha darasani anakimudu. Lakini shule nyingi za kidato cha tano ni za bweni, na mpango huu unataka alale kwenye familia. Tafuta ya kutwa, na hiyo mara nyingi ni ya binafsi. Kubalianeni kwa barua kuhusu ada, sare, na kwamba shule itampa ripoti ya masomo ya kupeleka kwao, kwa kuwa mtihani wa taifa hataufanya. Tahasusi zenye historia, jiografia na Kiswahili zinawafaa kuliko za sayansi, ambako mwalimu anakimbizana na silabasi.

Kibali kiombwe kabla hajapanda ndege: ukaazi daraja C, ambalo ndilo la wanafunzi. Kosa linalorudiwa ni kumleta kwa viza ya matembezi ya siku 90 kwa matumaini ya “tutabadilisha akishafika”. Halafu angalia tiketi. Akipita nchi yenye homa ya manjano na kusubiri uwanjani zaidi ya saa 12, ataombwa cheti cha chanjo.

Usiku wa kwanza familia na mgeni hukaa na orodha ya maswali ambayo Warotari wa nchi nyingi huitumia: niwaiteje, niamke saa ngapi, nguo nafua wapi. Tuliitafsiri na kuiongezea ya kwetu. Shikamoo anampa nani. Maji ya ndoo yanachotwa kwa kopo gani, maana lipo la kunywea na lipo la kuogea. Nguo za ndani anafua mwenyewe, hampi dada. Hili lisiposemwa siku ya kwanza huleta manung'uniko jikoni ambayo hakuna atakayemweleza mgeni chanzo chake. Simu ya kununulia umeme wa LUKU iko kwa nani. Mwezi wa Ramadhani katika nyumba ya Waislamu, mchana atakula wapi. Kuhusu makatazo, yale manne ya mpango ni kuendesha chombo cha moto, pombe, dawa za kulevya na mapenzi. Sisi tuliongeza kupanda bodaboda, tukampangia bajaji ya mtu tunayemfahamu.

Homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo, asisubiri kesho. Bima zao nyingi hurudisha fedha baada ya risiti, na hospitali inataka malipo dirishani, kwa hiyo mweka hazina atenge akiba inayofikika hata Jumapili usiku. Mlezi ambaye klabu humteulia kijana, anayemwona angalau mara moja kwa mwezi, asitoke katika familia inayomlaza. Kijana apewe pia namba za watu wawili wasio Warotari, mwanamke na mwanamume, wasio na undugu wala ukaribu na wenyeji wake. Malalamiko ya unyanyasaji hayajadiliwi kwenye kamati. Kijana anaondolewa hatarini, vyombo vya dola vinaarifiwa, na makao makuu yanapewa taarifa ndani ya saa 72.

Nikaja kwenye fedha. Msimamo wangu ni kwamba fedha zilizochangwa na umma zisimguse mwanafunzi huyu. Matembezi ya hisani tuliyafanya kwa ajili ya vyoo vya shule ya msingi, na senti yote ikaenda kwenye vyoo. Mwananchi aliyenunua fulana hataelewa kwa nini amemlipia ada mtoto wa Ulaya, na ana haki. Za kijana zilitoka kwa wanachama na marafiki wao, usiku mmoja wa chakula. Meza nane za watu kumi, kila meza 500,000, ni 4,000,000. Sahani kwa 20,000 inakula 1,600,000. Muziki na mapambo tulipewa bure. Zinabaki 2,400,000: posho ya 100,000 kwa miezi kumi ni milioni moja, na salio likaenda kwenye kibali, sare na akiba ya hospitali. Ada tuliichanga wanachama kwa awamu tatu.

Shimo la usiku kama huu ni ahadi. Mtu anasimama, anapigiwa makofi, anataja laki tano, na Jumatatu hapokei simu. Tuliweka lipa namba ya klabu juu ya kila meza, na mshereheshaji akaagizwa asitangaze jina kabla mweka hazina hajaona ujumbe wa malipo. Lipa namba iwe ya klabu, si simu ya mtu. Wazo la kuuza tiketi za bahati nasibu tuliliacha, kwa sababu linahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mnada wa vitu vilivyotolewa na wanachama ulitosha. Kwa matembezi, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, na fulana zisichapwe mpaka fedha ziingie. Akaunti ni mbili: ya uendeshaji, inayolipa michango ya makao makuu Julai na Januari kwa dola, na ya hisani. Chai ya mkutano hailipwi kutoka ya pili hata mara moja, hata kwa kukopa.

Nyumba ya akiba hatukuitumia mwaka huo. Tuliiandika namba moja kwa mwaka uliofuata, na ukaguzi wake tukauanza upya, kwa sababu katikati ya mwaka mpwa wa mwenye nyumba alikuwa amehamia pale.