Ganda la Chungwa

Nilikuwa natafuta miwani ya Baba. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, nikatoka na ganda la chungwa. Lilikuwa refu, limemenywa mzunguko mmoja kutoka juu hadi chini bila kukatika, limeanza kukauka na kujikunja kingoni. Nikalinusa. Hasira iliyonipanda ni ile ya mzazi aliyekuta sigara kwenye begi la mtoto wa shule.

Baba alikuwa na saratani ya utumbo mpana, na mimi ndiye niliyepiga marufuku matunda nyumbani kwake.

Ilikuwa imeanza wiki tisa nyuma, siku tuliyompeleka kwenye PET, kipimo cha picha ya mwili mzima, ili waone kama ugonjwa umefika kwenye ini. Aliambiwa asile kitu kwa saa sita, anywe maji matupu tu. Tulipofika wakamtoboa kidole kumpima sukari, kwa sababu ikiwa juu mno picha haitoki vizuri na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani. Kisha akachomwa sindano, akalazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu kwa karibu saa nzima. Asitembeetembee, asitafune kitu, hata maneno apunguze. Nilidhani ni ukali wa bure. Baadaye ndipo nilipojua kwamba msuli ukifanya kazi nao huinyonya ile dawa, picha ikachafuka.

Nikamuuliza kijana wa mionzi, ndani ya ile sindano mna nini?

"Sukari," akajibu, kwa wepesi wa mtu anayeulizwa hivyo kila siku. "Ni glukosi iliyoungwa na florini yenye mionzi. Mionzi yenyewe hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Seli za saratani zina ulafi wa sukari. Zitaimeza, nasi tutaziona zinawaka."

Ulafi wa sukari. Kijana wa watu alikuwa ananieleza jinsi mashine inavyofanya kazi. Mimi nikasikia amri.

Doa moja liliwaka kwenye ini. Usiku ule sikulala, nilikaa na simu. Nikakutana na jina la Otto Warburg, Mjerumani aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba uvimbe hula glukosi kupita kiasi na kuichachua badala ya kuiunguza yote, hata pale oksijeni inapokuwa tele. Hilo ni kweli. Nikasoma pia kwamba alipewa Nobeli kwa kugundua kuwa sukari huleta saratani. Hilo si kweli. Nobeli yake ya 1931 ilihusu kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Lakini saa nane za usiku, mwenye baba aliyetokewa na doa kwenye ini hakagui habari. Anatafuta kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Na kesho yake nikakifanya. Nilitoa sukari ya mezani, jamu, biskuti, juisi za boksi. Nikatoa ndizi, zabibu, papai lililokuwa limekatwa nusu. Mwisho nikafika kwenye bakuli la machungwa. Tangu nipate akili namjua Baba kwa machungwa mawili ya jioni, anayala akiwa amekaa pale pale, mbegu anazitemea kwenye kiganja.

"Hata machungwa?" Mama akauliza.

"Hata machungwa, Mama. Sukari ni sukari."

Mama hakubisha. Akinyamaza namna ile ni vizuri kuogopa, ila mimi nilikuwa na haraka.

Kitu kimoja sikukigusa: asali. Asali ni dawa, nilijiambia, imetoka kwa nyuki. Kila asubuhi nilimkorogea Baba vijiko vitatu vikubwa kwenye maji ya vuguvugu, nikamsimamia mpaka amalize. Kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Chungwa la wastani lina kama gramu 12. Kwa maneno mengine, nilikuwa namnyima machungwa mawili jioni baada ya kumnywesha manne asubuhi, na nilijiona daktari.

Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ikaanza. Nyama ikawa na ladha ya chuma mdomoni mwake, mkate ukawa kama karatasi. Mojawapo ya dawa zake, oksaliplatini, ilimfisha ganzi vidole. Akishika kikombe anakitazama ili ajue amekishika. Vitu vya baridi vilimchoma koo. Alichokuwa bado anakitamani ni matunda, na matunda nilikuwa nimeyaondoa. Akaanza kupungua. Mwanzoni alikuwa na kilo 71. Suruali zikahitaji mkanda, mkanda ukahitaji tundu jipya, nami ndiye niliyelitoboa, kwa msumari, kwenye ngazi ya nyuma. Naona aibu kuandika nilichokuwa nawaza wakati natoboa. Nilikuwa nawaza kwamba kinachokonda ni uvimbe.

Basi, ganda mkononi, nikamwendea.

"Baba, hii nini?"

Akaliangalia. "Ganda."

"La nini?"

"La chungwa, mwanangu. Umekaa mbali nayo mpaka umesahau?"

Sikucheka. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni. Kesho yake tulikuwa na miadi na mtaalamu wa lishe, na nilikwenda nalo kama askari anayekwenda na kielelezo mahakamani.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mdogo kuliko mimi. "Shikamoo, mzee," akasema, Baba akaitikia kwa sauti iliyobaki nusu. Akampima uzito: kilo 63. Hakusema neno, aliandika tu, kisha akapiga mstari chini ya alichoandika. Mimi nikaweka ganda mezani, nikaeleza yote kwa ufasaha, PET, Warburg, ulafi, mpango wangu wa chakula. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akamgeukia Baba.

"Mzee, fungua kishikizo cha mkono nipime unene wa msuli."

Baba akashika kishikizo. Kikamponyoka. Akakishika tena, akakisukuma kwa ukucha, kikateleza. Vidole vyake vilikuwa vinahangaika kama vya mtu aliyevaa glavu nene. Ilipofika mara ya nne Mama aliinama kutoka kiti cha nyuma, akakifungua kwa vidole viwili, akakunja mkono wa shati, akarudi kukaa.

Nikaliangalia lile ganda mezani. Mzunguko mmoja, halina mkato hata mmoja. Nikamwangalia Mama. Mama alikuwa anasoma bango ukutani kuhusu kunawa mikono.

Yule binti alipima mkono wa Baba, akaandika tena. Kisha akaniambia, "Dada, ulichoambiwa siku ya kipimo ni kweli. Picha uliiona?"

"Niliiona."

"Doa la kwenye ini uliliona. Na juu kabisa, pale ubongo unapoanzia, palikuwaje?"

Nikaikumbuka. Kipande cha ubongo kilichoingia kwenye picha kilikuwa kinawaka kuliko doa lile. Kibofu nacho kiliwaka, maana dawa hutokea huko. Nilikuwa nimeviona vyote viwili na kuvipita.

"Ubongo unatumia glukosi mchana na usiku," akasema. "Nao tuunyime?"

Akaendelea taratibu, akichora kwenye karatasi ya nyuma ya faili. Damu yote ya mtu mzima ina kama gramu nne za glukosi kwa wakati mmoja, kijiko kidogo cha chai. Ini linakilinda kiasi hicho kwa gharama yoyote. Chakula kisipoleta sukari, ini hutoa akiba yake, na akiba ikiisha hutengeneza mpya kutokana na vipande vya protini. Hakuna mlango wa nyuma wa kuufungia uvimbe peke yake. "Mzee hujamnyima sukari," akasema. "Umemfanya aitengeneze kutokana na misuli yake mwenyewe."

Chumba kikawa kimya. Sijawahi kuambiwa jambo baya zaidi kwa sauti ya upole namna ile.

Nilipopata sauti nikajitetea, kama kawaida yetu tuliokosea. "Kwa hiyo sukari haina neno kabisa? Yote ni uongo?"

Hapo ndipo nilipomheshimu, kwa sababu hakuchukua njia rahisi ya kunifariji. Akasema sukari ina neno lake, ila mahali pengine na kwa muda mrefu. Sukari nyingi ya kuongezwa, mwaka baada ya mwaka, humnenepesha mtu, insulini ikakaa juu, na unene wa kupita kiasi unahusishwa na saratani za aina 13. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani waliliandika hilo mwaka 2016, na ya utumbo mpana imo. Akanitajia pia utafiti wa Ufaransa uliotoka 2019, wa watu wazima zaidi ya 100,000: kila mililita 100 za ziada kwa siku za vinywaji vyenye sukari ziliendana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya saratani kwa jumla. Juisi halisi ya matunda nayo ilielekea huko huko. "Kuendana si kusababisha," akaniinulia kalamu, "lakini ndiyo maana sitakuambia mzee aishi kwa juisi."

"Na tunda lenyewe?"

"Tunda zima lina nyuzinyuzi na linatafunwa. Sukari yake inaingia kwenye damu polepole, na mtu hushiba kabla hajafika mbali. Machungwa matatu utayanywa kwa dakika moja yakiwa glasi ya juisi. Jaribu kuyatafuna." Akasema Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, kama gramu 25. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, na iliyomo kwenye sharubati na juisi. Iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi.

Nikajua kinachokuja. Niliuliza kwa sauti ndogo.

"Na asali?"

"Asali inahesabiwa."

Baba akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, mpaka mabega yakatikisika, Mama naye akaacha kusoma bango. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kemo ianze, na alikuwa ananicheka mimi. Nilikubali.

Tulitoka na karatasi moja. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mayai, maziwa, maharage, karanga, mafuta kidogo juu ya kila kitu, kwa sababu kazi ya sasa ni kurudisha msuli. Matunda ale, ila yasimjaze kabla ya chakula chenyewe, na yasiwe yametoka kwenye friji, kwa sababu ya koo. Yaoshwe sana, maana seli nyeupe za damu, zinazomkinga mtu na vijidudu, zilikuwa zimeshuka. Tunda pekee alilokatazwa ni balungi, nalo si kwa ajili ya sukari. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja baadhi ya dawa mwilini, ikiwemo ile ya kolesteroli aliyokuwa anatumia.

Baba aliishi miaka minne baada ya siku hiyo. Sidai kwamba machungwa ndiyo yaliyomwongezea, kama ambavyo sasa sidai kwamba kuyakosa kungemponya. Kilo zake tano zilirudi kufikia kipimo kilichofuata, na akapata nguvu ya kumaliza dozi. Ninachokijua kwa hakika kinaishia hapo.

Jioni ile Mama aliweka bakuli mezani bila kuniangalia. Akaketi na kisu kidogo, akaanza kumenya, ganda likawa linateremka mapajani mwake kama utepe. Akampa Baba kipande kimoja kimoja kwenye kiganja ili asisumbuke na vidole. Baba akatema mbegu, akazihesabu, akaniomba radhi kwa kuficha kielelezo kwenye koti badala ya kukitupa. "Nilisahau," akasema. "Mwizi mzee."

"Ulikuwa unamletea saa ngapi?" nikamuuliza Mama.

"Ukiwa unakoga."

Nikainuka kwenda jikoni, nikachukua chupa ya asali, nikafungua pipa la taka. Mama akaniita kutoka mezani hata hajageuza shingo.

"We! Hiyo iache hapo. Ni ya chai yangu."