Ofa ya nyumba: ukishataja bei yako, ile ya kwanza imekufa

Hii kitu iliniuma sana na bado inaniuma kidogo, naiandika manake naona watu wengi bado wanafanya vilevile nilivyofanya mimi.

Nilipata nyumba nikaipenda, muuzaji akaniandikia ofa kabisa, yaani karatasi ya kusema yuko tayari kuniuzia, bei ipo, maelezo ya nyumba yapo, saini yake ipo. Mimi kwa mazoea ya kuomba kupunguziwa nikamjibu kwa maandishi nanunua lakini kwa bei hii, ya chini kidogo tu, huku moyoni najua akikataa narudi kwenye bei yake. Akakataa. Siku mbili baadae nikamwandikia haya basi nimekubali bei yako, akanijibu ashampa mtu mwingine. Nikabeba karatasi yangu mpaka kwa wakili, nina hasira, nina saini ya mtu mkononi, nikijua haki yangu hii hapa. Akaisoma, akaniambia hii ofa uliiua wewe mwenyewe siku ile uliyotaja bei yako.

Kumbe jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1840 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya Hyde na Wrench, Wrench anauza shamba kwa pauni 1,000, Hyde akasema natoa 950, akakataliwa, ndo akarudi kusema basi naikubali ile 1,000. Mahakama ikasema hapana mkataba hapo, kwa sababu ukijibu kwa bei nyingine umeikataa ofa uliyopewa na umetoa ofa mpya ya kwako. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza zinafuata hivyohivyo mpaka leo. Kuuliza ni kitu kingine. Ukiandika "je, kuna uwezekano wa kupunguza?" bila kusema nanunua kwa kiasi fulani, hapo umeuliza tu, ofa inabaki hai mpaka muda wake uishe au mwenyewe aiondoe. Tofauti ni sentensi moja, na mimi hiyo sentensi ndo ilinikosesha nyumba.

Safari iliyofuata nikaandika ofa mimi mwenyewe nikiwa mnunuzi, na nilikaa nayo usiku mzima. Majina kamili, namba ya hati, bei, dipoziti kiasi gani na inashikwa na nani, siku ya kukabidhiana. Halafu masharti, na hapa jamani msione aibu kuyaandika, kwamba nanunua endapo benki itanipa mkopo, endapo hati ikikaguliwa itakutwa safi haina deni wala kesi, endapo fundi akiikagua nyumba hakuti tatizo kubwa. Kuna watu wanaogopa eti masharti yatamfukuza muuzaji, ila fikiria umesaini bila sharti la mkopo, muuzaji kakubali, benki inakugomea, hapo dipoziti yako iko hatarini na hata kushtakiwa unaweza. Nikaandika pia vitu vinavyobaki ndani ya nyumba, viyoyozi, makabati, tangi la maji, manake kila mtu huwa na picha yake kichwani. Na mwisho wa ofa nikaweka tarehe na saa, ikipita hapo haipo tena, nisije nikakaa mwezi mzima namsubiri mtu huku hela yangu imefungwa.

Kwa wanaouza, moja tu: usisaini ofa ya nyumba hiyohiyo ukawapelekea watu wawili kwa wakati mmoja. Wote wawili wakikubali umejifunga mara mbili na nyumba ni moja.

Basi ile ofa yangu ilikuwa inaisha Ijumaa saa kumi na moja jioni, Alhamisi muuzaji akairudisha na saini yake, ila tangi la maji kalikata kwa kalamu, anaondoka nalo. Zamani ningesema amekubali, nikashangilia. Safari hii nikajua hapo yeye ndo kaiua ofa yangu na ametoa ya kwake, kwa hiyo bado hatujakubaliana kitu. Nikampigia wakili, nikatia saini pembeni ya ule mstari uliokatwa, nikaandika tarehe, nikampelekea nakala mkononi jioni ileile.