Siku ya magadi, chai na maganda ya mkandaa

Saa 12 asubuhi. Punda hawajaanza kupita uchochoroni, nami nimeshainjika sufuria mbili: moja ya majani ya chai, ya pili ya maganda ya mkandaa niliyopewa na fundi wa majahazi. Juzi nilimwonyesha mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, picha ya mlango wa nyumba yao, niliyoichapa kwa rangi ya buluu. Akaniambia, "Mlango wetu si wa buluu, mwanangu." Kweli. Leo naubadilisha rangi pichani.

Saa 3. Karatasi nilizipaka dawa ya chuma usiku, zikakaukia gizani. Naweka negativu juu, ile filamu yenye picha iliyogeuzwa weusi kwa weupe, nabana kwa kioo, napanda nazo darini. Njia hii ya kuchapa picha za buluu, sayanotaipu, ni ya John Herschel wa Uingereza, tangu 1842: jua lichape, maji yasafishe, buluu ibaki.

Saa 6. Hapa ndipo penye kazi. Magadi yaleyale ya kuchemshia maharagwe, kijiko kidogo kwa lita moja ya maji, nayachuja kwanza kwa sababu ya mchanga. Picha ikiingia, buluu inaanza kukimbia kwenye sehemu nyepesi, inapita zambarau, inaelekea manjano. Wengi hudhani chai ndiyo inayopaka rangi. La! Magadi huivunja buluu, chuma kinabaki karatasini, kisha tanini, ule ukakasi wa chai, hukishika chuma kile na kukitia weusi. Wino wa zamani wa chuma ulitengenezwa hivyohivyo.

Picha ya kwanza imeniharibikia. Nilishuka kufungua mlango, niliporudi nakshi za juu zilikuwa zimefifia, na chai haikuzirudisha zote. Imeniuma, maana nakshi ndizo mlango wenyewe. Ya pili sikuiachia jicho. Nimeitoa kwenye magadi sehemu zake za giza zingali na buluu kidogo, nikaisuuza sana.

Saa 8. Nusu saa kwenye chai, kisha kwenye mkandaa. Karatasi imenyonya wekundu wa maganda na haitakuwa nyeupe tena. Mimi naupenda wekundu huo kuliko manjano ya chai peke yake.

Saa 10. Nasuuza kwa maji ya mvua, naanika kivulini.

Baada ya magharibi yule mama wa Langoni amekuja. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Ameisogeza picha kwenye taa, kidole kikishuka polepole hadi pembe ya chini.

"Ufa huu," akasema, "ni wa tangu sijaolewa."

Kwenye ile ya buluu hakuwa ameuona.