Kukwangua na Kufuta

Wapendwa katika Bwana, nikiwa darasa la tano niliwahi kukwangua kwa wembe maksi nilizoandikiwa kwa wino mwekundu, ili nyumbani wasizione. Mama hakusema neno; aliuinua ule ukurasa dirishani, na mwanga ukapenya palepale wembe ulipopita.

Nimekumbuka siku hiyo baada ya kuchunguza asili ya kitenzi cha Kiingereza “erase”, ambacho sisi hukitafsiri kuwa “futa”. Kimetokana na neno la Kilatini “eradere”, yaani kukwangua kitu mpaka kitoke, na katika shina hilohilo ndimo Waingereza walimopata jina la wembe. Waandishi wa kale walioandika juu ya ngozi walikwangua kosa kwa kisu, na ngozi ilipokuwa adimu walikwangua hata kitabu kizima ili waandike kingine. Iko Paris Biblia ya Kigiriki ya karne ya 5 iliyotendwa hivyo katika karne ya 12, kisha juu yake yakaandikwa mafundisho ya Efraimu wa Siria. Hata hivyo wino wa kwanza ulikuwa umekwisha kuingia ngozini, na katika miaka ya 1840 mtaalamu Constantin von Tischendorf aliusoma na kuchapisha maneno yaliyodhaniwa kuwa yamepotea. (Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa yalikuwa maneno yake.)

Lakini Daudi, akiomba katika Zaburi ya 51, “uyafute makosa yangu”, alitumia kitenzi kingine cha Kiebrania, kilekile kilichomo katika Hesabu 5:23, ambapo kuhani anaandika laana kitabuni kisha anazifuta katika maji. Hapo hapana kisu. Wino unayeyuka na kuondoka pamoja na maji, ndiyo maana mstari unaofuata unasema, “Unioshe kabisa na uovu wangu.” Naye Mungu, katika Isaya 43:25, anajitaja kwa kitenzi hichohicho: “Mimi, naam, mimi, ndimi niyafutaye makosa yako kwa ajili yangu mwenyewe, wala sitazikumbuka dhambi zako.”

Yupo ndugu mmoja niliyemwambia miaka mingi iliyopita kwamba nimemsamehe. Juma hili, mbele za Bwana, nimekiri kwamba nilimkwangua tu, na kwamba kila tunapokutana mimi huuinua ule ukurasa dirishani. Nimeanza kuomba maji.