Nimeleta magoti

Juzi mwanangu kaniuliza eti kwa nini bibi anakaaga sebuleni usiku kazima taa. Nikamwambia bibi usingizi wake mwepesi. Akasema, si mlimpeleka India? Huyu mtoto maswali yake jamani.

Ndo nikakumbuka Kottakkal, mji wa Kerala huko kusini mwa India. Bimkubwa magoti yalikuwa yamemgomea kabisa, sindano kachoma, vidonge kameza, mpaka shoga yake wa Kihindi pale mtaani akamjaza maneno ya Ayurveda, ile tiba ya jadi ya kwao, hatukukaa sawa tukajikuta tumeshuka Kochi, mvua ya mwezi wa saba inamwagika kama haina akili. Kumbe wenyewe Kerala huo ndo msimu wa tiba, wanauita Karkidakam, wanasema mwili unalainika na dawa inaingia vizuri. Hatukwenda ile Arya Vaidya Sala, kituo kikubwa cha tiba hiyo kilichopo tangu 1902, tulienda kwa vaidya mmoja, yaani tabibu wa Ayurveda, mzee, nyumba ya vigae mtaa wa nyuma.

Mzee akamshika mkono wa kushoto, maana wanawake hushikwa kushoto, akaweka vidole vitatu chini kidogo ya dole gumba. Wanasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: cha shahada kinasikiliza vata, cha kati pitta, cha pete kapha. Halafu kimya. Kimya mpaka kinaudhi. Anabonyeza kimoja, analegeza, anabonyeza kingine, macho kafumba, kucha zake zimeshaingia umanjano wa mafuta, na mama kajikausha hata kumeza mate anaogopa. Mara mzee akasema kitu kwa Kimalayalam, binti wa mapokezi akakigeuza Kiingereza, nami nikakileta kwa Kiswahili: anauliza, saa nane za usiku huwa unaamka unawaza nini?

Mama akanigeukia. "We ndo umemwambia?"

Wallahi sikumwambia. Hata sikuwa najua.

Akavuta ushungi wake vizuri. "Mwambie nimeleta magoti."

Nikatafsiri hivyohivyo. Mzee akatabasamu, akaandika dawa, basi.

Baadaye nikaja kujua kwa hesabu zao uzee ni vata, maumivu ya viungo ni vata, na saa nane mpaka alfajiri nao ni wakati wa vata, kwa hiyo huenda alijumlisha tu, maana mzee gani mwenye magoti mabovu analala fofofo? Lakini mbona hakuuliza kama anaamka, kauliza anawaza nini?

Siku zilizofuata zikawa mafuta ya ufuta yaliyopikwa na mizizi, vifurushi vya majani ya moto anakandwa navyo juu ya kitanda cha mbao, kashayam, dawa ya kuchemsha, chungu kuliko mwarobaini, na jioni uji wa mchele wenye uwatu. Mama alipouonja akacheka mpaka machozi, "Yaani nimepanda ndege kuja kukandwa na kunyweshwa uwatu kama mzazi!" Zile dawa zao za madini, ambazo nyingine zina zebaki na risasi, nilikataa katakata.

Magoti yalipoa, siwezi kusema uongo, ngazi akawa anapanda mwenyewe. Kwenye kikoba anamsifia yule mzee utadhani mkwewe. Tukiwa wawili jikoni ananiambia ni vile alikaa muda wote ule hapiki, hafui, habebi mjukuu. Na yote mawili anayasema kakaza uso uleule.