Upya ulikuwa kwenye jezi tu: msimu wa kwanza wa Toronto Rush

Nilihamia Toronto mwishoni mwa mwaka 2012, na majira ya joto yaliyofuata mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Mombasa aliyenitangulia Kanada kwa miaka mingi, alinialika tukatazame mechi ya frizbi. Nilidhani ananitania. Frizbi niliyoifahamu mimi ilikuwa kisahani cha plastiki ambacho watalii hurushiana ufukweni mchana kutwa bila mshindi wala mshindwa. Nilichokikuta ni vijana saba dhidi ya saba, wakikimbia kama waliotumwa na mtu mwenye haraka, na mbele yetu timu ambayo haikuwahi kuwako mwaka uliotangulia ikiwatoa jasho wageni wake kana kwamba inacheza mazoezini.

Timu hiyo ni Toronto Rush, na msimu wake wa kwanza, wa 2013, ni miongoni mwa misimu ya ajabu zaidi katika historia fupi ya mchezo huu. Walicheza mechi 16 za kawaida wakashinda zote 16, kisha wakashinda mbili za mtoano, na wakamaliza mwaka na ushindi 18 bila kipigo hata kimoja. Fainali ilichezwa Chicago mwezi Agosti dhidi ya Madison Radicals, nao pia wakiwa katika msimu wao wa kwanza, ikaisha kwa 16 kwa 14. Rush ndiyo timu ya kwanza kutoka Kanada kuingia katika ligi ya frizbi ya Wamarekani, iliyoitwa wakati huo American Ultimate Disc League (AUDL), na ilitwaa kombe katika jaribio lake la kwanza.

Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii kama muujiza. Leo nadhani nilikuwa nikiisimulia vibaya.

Ili nieleze kwa nini, sina budi kwanza kuusema mchezo wenyewe. Aliyeshika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Husimama, akageuza mguu mmoja huku mwingine umeganda chini, na katika ligi hii ana sekunde saba tu za kukitoa mkononi, ilhali katika mashindano ya kimataifa hupewa kumi. Pasi ikianguka chini au ikinaswa na mpinzani, kisahani ni chao hapo hapo. Bao hupatikana pale mwenzako anapokidaka ndani ya eneo lililotengwa mwishoni mwa uwanja. Kwa hiyo kila kitu hutegemea uelewano wa watu wawili: anayerusha na anayekimbia.

Hapo ndipo penye siri. Mtazamaji mgeni hudhani kwamba mrushaji humtazama mkimbiaji, akamlenga, kisha akarusha. Mrushaji hodari hafanyi hivyo kamwe. Hukirusha kisahani mahali ambapo hapana mtu, mara nyingi kabla mkimbiaji hajageuka, kwa sababu anajua kwamba baada ya hatua tatu za uongo kuelekea kulia yule jamaa atakata kushoto. Kisahani chenyewe kina uzito wa gramu 175 na huelea. Kwa hiyo mrushaji huchagua pia akiinamishe upande upi, kiende chini au juu, upepo ukilewalewa kitashukia bega gani la mkimbiaji. Nakumbuka pasi moja siku ile ambayo ilipita juu ya walinzi watatu, ikaonekana kama imepotea kabisa kuelekea kona, nami nikaanza kusikitika. Kisha akatokea mtu nyuma ya kila mtu, bila hata kuinua kichwa, akaunyoosha mkono wa kushoto na kisahani kikajileta chenyewe. Aliyerusha alikuwa amekwisha kuanza kutembea kwenda kushangilia.

Uelewano wa namna hiyo haununuliwi wala haufundishwi kwa miezi mitatu ya mazoezi. Na kwa kweli Rush hawakuujenga kwa miezi mitatu. Sehemu kubwa ya kikosi chao ilitoka katika klabu ya wanaume ya Toronto iitwayo GOAT, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeshika nafasi ya juu katika mchezo huu nchini Kanada na kuvuka mpaka kila mwaka kwenda kupambana na klabu za Marekani. Watu kama Mark Lloyd na Cameron Harris hawakuwa wageni wa wenzao. Walikuwa wamekwisha kudakiana visahani katika mvua, katika upepo na katika mashindano ambayo hayakuwa na mtazamaji mwingine zaidi ya jamaa zao. Msimu wa kwanza ulikuwa wa kwanza kwa jezi, kwa nembo na kwa tiketi. Miguu ilikuwa ya zamani.

Haki inanitaka niongeze jambo jingine, hata kama mashabiki wenzangu wa hapa hawalipendi. Ligi yenyewe ilikuwa bado changa mno. Ilianza mwaka 2012 na timu nane, na mabingwa wake wa kwanza walikuwa Philadelphia Spinners. Mwaka uliofuata timu zikawa 12, lakini Spinners hawakuwamo tena kutetea kombe lao, kwa kuwa walihamia ligi pinzani iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 2013, na vipaji vya pwani ya mashariki ya Marekani vikagawanyika kati ya ligi hizo mbili. Upande wa mashariki Rush walikutana na New York, Washington, Philadelphia (timu nyingine, si Spinners), New Jersey na Rochester, na baadhi ya timu hizo zilikuwa zikikusanya wachezaji wasiozoeana hata kidogo. Simaanishi kwamba ushindi 18 uliokotwa njiani. Wachezaji hawa walikuwa na kazi zao nyingine za kuwalisha, walisafiri mwisho wa juma wakivuka mpaka na pasipoti mkononi, na kushinda ugenini mara zote katika hali hiyo ni kazi ya wanaume. Nasema tu kwamba upande mmoja ulikuwa timu, na pande nyingine kadhaa zilikuwa bado orodha za majina.

Fainali ndiyo inayonithibitishia hilo. Madison walikuwa kikosi kilichoshikamana, na matokeo yake yakawa tofauti ya mabao mawili tu, tena kwa idadi ndogo ya mabao ukilinganisha na mechi nyingi za ligi hii.

Kisha ukaja mwaka 2014. Fainali ililetwa hapa hapa Toronto, nasi tukajiandaa kwa sherehe. Waliokuja kucheza na Rush walikuwa San Jose Spiders kutoka California, nao wakiwa katika msimu wao wa kwanza, wakatufunga 28 kwa 18 mbele ya macho yetu. Nao upya wao ulikuwa wa jina tu. Nyota wao Beau Kittredge alikuwa mchezaji wa Revolver ya San Francisco, klabu iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2010, 2011 na 2013. Kittredge huyo huyo alikwenda Dallas Roughnecks mwaka 2016, timu mpya nyingine, nayo ikashinda mechi zake zote 17, ya mwisho ikiwa 33 kwa 27 dhidi ya Seattle. Dallas walifuata njia tofauti, ya kukusanya nyota kutoka miji mbalimbali, nami nakiri kwamba inaitikisa kidogo hoja yangu, ingawa wengi wa nyota hao walikuwa wamekwisha kufahamiana vizuri kwenye klabu na timu za taifa.

Yule mwenzangu wa Mombasa ndiye aliyenifundisha kurusha. Tulianza kwenye nyasi za bustani jirani na ofisi, kila Jumatano jioni, huku upepo wa ziwani ukitufanyia vituko. Mwanzoni nilikuwa nikisimama nikikisubiri kisahani, naye akinikemea kwa upole: "Ndugu yangu, wewe kimbia kwanza, chenyewe kitakukuta." Sasa ni miaka mingi, na siku hizi hurusha bila kunitazama, akikipeleka mahali ambapo ana hakika nitakuwapo. Mara nyingi bado nafika nikiwa nimechelewa kwa hatua moja, na kisahani kinakwenda kulala chini ya ua wa waya, nami nakwenda kukiokota.