Jinsi nilivyounguza ukoka wangu, kisha nikaurudisha

Ukoka wa mbele ya nyumba yangu, Kigamboni, ulikuwa umepauka kama majivu. Ilikuwa Januari, vuli imeshakatika. Nikanunua urea kilo mbili, nikairusha saa saba mchana kama nawarushia kuku mtama. Bombani maji hakuna. Nikasema nitamwagilia kesho.

Siku ya tatu majani yalikuwa na mabaka ya kahawia, na pale nilipotua ndoo pamebaki duara kavu kabisa.

Nina jirani, mzee aliyetunza bustani miaka mingi. Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama chini. "Mwanangu, hapa hukutia mbolea. Umetia chumvi."

Hakuwa anatania. Punje za urea, nitrojeni asilimia 46, zikilala kwenye udongo mkavu huvuta maji ya mmea wenyewe. Akaniambia nilowanishe sana jioni tatu mfululizo, halafu nisiguse kitu mpaka masika. Mizizi haikufa, ukoka si mmea wa kufa kirahisi.

Masika yalipoanza sikukimbilia mvua ya kwanza. Nilingoja udongo ulowe hasa, nikakata majani, nikapima eneo: mita nane kwa tano. Kwa gramu 10 kila mita ya mraba, nilihitaji gramu 400 tu. Yaani mara ya kwanza nilikuwa nimetia mara tano ya kiasi! Safari hii nilipima kwa mizani ya jikoni (mke wangu hajui), nikachanganya na mchanga mkavu nusu ndoo ili isirundikane. Nusu nikairusha nikitembea kwa urefu, nusu kwa upana, asubuhi umande ukishakauka. Papo hapo nikafungulia mpira wa maji. Nilichagua siku isiyo na wingu zito, maana mchanga wetu haushiki kitu. Mvua kubwa moja tu, mbolea yote inazama chini ya mizizi.

Wiki ya pili rangi ilirudi. Na gharama pia: majani yakawa yanataka kukatwa kila wiki, na mashine nakodi.

Awamu ya pili niliifanya Novemba, kipimo kilekile. Katikati hapo nilijaribu samadi ya ng'ombe, ila sikusubiri ioze vizuri, ikaja na mbegu za magugu. Lile duara limeziba, lakini mchicha pori bado naung'oa kila Jumamosi.